Ada Pilling, Bingwa wa Kuazima

Watu wa Mtaa wa Alma, kule Lancashire kaskazini mwa Uingereza, walikuwa na kitenzi kimoja kilichofanya kazi kuliko mitambo yote ya kiwanda cha pamba, nacho ni kuazima. Waingereza waliosoma wana vitenzi viwili kwa jambo hili, kimoja cha anayetoa na kingine cha anayepokea, na walimu wao huumwa kichwa mtu akivichanganya. Alma hawakuwa na muda huo. Walitumia kimoja tu kwenda na kurudi, kama sisi, na maisha yakasonga. Uliazima sukari, na haikurudi maana ilishanywewa. Uliazima gazeti, likarudi limekatwa habari za mashindano ya farasi. Uliazima ngazi mwezi wa tano ikarudi majani yakipukutika, na aliyekurudishia akakulaumu kwa kukaa na ngazi mbovu namna ile. Ukienda kupanga foleni ya nyama uliazima mtoto wa jirani, kwa sababu mwenye bucha aliwahurumia wenye watoto. Uliazima mume wa mtu akakupandishie kabati ghorofani. Hata kitu ulichokichukua bila kumwambia mwenyewe, ilimradi mlango ulikuwa wazi na ninyi ni majirani, hicho nacho umekiazima. Wezi walitoka mitaa mingine.

Sasa, katika wote waliokitumia kitenzi hicho, hakuna aliyefua dafu mbele ya Ada Pilling wa nyumba ya mwisho.

Ada alikuwa mjane mfupi, mnene wa mikono, aliyeanza kufuma pamba kiwandani akiwa bado mtoto wa shule. Mumewe Herbert alikufa zamani, akamwachia nyumba ya kupanga na kitanda. Vilivyobaki vyote alivitafuta mwenyewe kwa mdomo wake. Ukienda kwake kunywa chai uliketi kwenye kiti cha Bi Duckworth wa ng'ambo ya barabara, ukanywea kikombe cha Bi Clegg wa nyumba ya kwanza, na mezani palikuwa na kitambaa ambacho mwenyewe alikufa akiwa bado anakiulizia. Siku moja mchungaji wa kanisa alimtembelea, akakaribishwa kiti, akajisikia amekalia kitu anachokifahamu. Akainuka akakitazama.

"Bi Pilling, huu si mto wa kupigia magoti wa kanisani?"

"Ndio wenyewe, mchungaji. Nimeuazima. Magoti yananiuma hata nikiwa nyumbani."

Mchungaji akaukalia tena, angefanya nini?

Walimsema, tena sana, lakini hawakumnyima. Ada hakuja mlangoni kwako mikono mitupu. Alikuja na habari. Alianza na nani ana mimba, akapita kwa nani kafukuzwa na mkewe, na umbea unaponoga kabisa, akasita kidogo na kusema, "Ngoja kwanza, kipenzi, sufuria lako kubwa lina kazi leo?" Ukampa haraka haraka ili aendelee. Miezi ikipita ukamuuliza liko wapi, alikujibu kwa macho makavu, "Lipo, linapumzika." Hakuwa na haya hata chembe.

Isipokuwa kwa mtu mmoja, na hapo ndipo tunapomfikia Enoch Haslam.

Vichwa vya Mtaa wa Alma vilikuwa vyekundu, au vya rangi ya nyasi kavu. Nywele nyeusi alikuwa nazo Enoch peke yake. Na huko Lancashire mwaka mpya hauingii wenyewe kama huku kwetu. Sharti uingizwe, na wa kuuingiza ni mwanamume wa nywele nyeusi, abishe mlango wa mbele asubuhi ya tarehe mosi akiwa na kipande cha makaa ya mawe, mkate na chumvi. Akitangulia mwekundu, mwaka mzima ni mikosi. Akitangulia mwanamke, bora mhame kabisa. Wewe unayesoma hapa, kichwa chako hicho kingekuwa mali mtaa ule. Wangekugombania mpaka wakuchanie koti.

Enoch alikuwa kondakta wa basi, mpole, mrefu, kapera aliyepanga chumba kwa Bi Clegg tangu ujana wake. Mwaka mzima hakuna aliyemshughulikia, ila ukifika mwezi wa kumi na mbili anaanza kuletewa keki. Kila nyumba ilitaka imwazime kwanza, na si kwa mapenzi. Sheria ilikuwa hivi: mpaka huyo mwenye nywele nyeusi aingie, hakuna kitu kutoka ndani ya nyumba. Majivu yasitoke, taka zisitoke, na binadamu naye asitoke. Sasa vyoo vya Alma vilikuwa uani, nje ya mlango wa nyuma. Nadhani umeshaelewa kwa nini kila mtu alitaka Enoch aanzie kwake. Lakini Bi Clegg alikuwa ndiye mwenye mpangaji, na Bi Clegg aliishi nyumba ya kwanza, kwa hiyo Enoch alianzia hapo (kule kutoka kwake kwanza ili aingie, Bi Clegg hakukuhesabu), akamaliza upande wa ng'ambo, kisha akashuka mlango kwa mlango hadi kwa Ada, na wa huku chini walijikaza kisabuni.

Sheria nyingine ilimhusu mleta bahati mwenyewe. Ameingia kwa mlango wa mbele, basi atoke kwa mlango wa nyuma, apite uchochoroni hadi nyumba inayofuata. Akitoka alikoingilia, ametoka na bahati yote aliyoileta. Jambo hilo Enoch aliliheshimu kama kiapo cha askari.

Ipo na siri, ingawa mtaa mzima uliijua. Nywele za Enoch zilikuwa zimeanza mvi tangu wakati wa vita. Bi Clegg alikuwa akimkalisha jikoni kila mkesha, anampaka rangi nyeusi ya viatu, anasugua na brashi mpaka kichwa kinang'aa. Asubuhi watu wakamfungulia mlango, wakanusa kitu kama kwa fundi viatu, wakajifanya hamnazo.

Kwa huyu Enoch, Ada aliazima kila kitu isipokuwa alichokitaka. Aliazima mwavuli wake siku za jua.

"Ada, mwavuli wa nini na mbingu nyeupe hivi?" Bi Duckworth alimtania mara moja.

"Wa tahadhari."

"Tahadhari ya nini? Ya kuolewa?"

"Funga mdomo, utaingia nzi."

Aliazima na ngazi ya Bi Clegg, akijua fika kwamba Enoch ndiye atakayeibeba na kuishika. Enoch akaja, akashika. Ada akapanda, akaligusa bomba la mvua kwa kidole, akasema, "Ndio, lipo," akashuka. Enoch akaibeba ngazi akarudi nayo bila kuuliza swali. Wiki iliyofuata akaombwa tena, akaja tena. Miaka ikaenda hivyo, mmoja ni "Bwana Haslam" na mwingine ni "Bi Pilling," na bomba la mvua likawa bomba lililokaguliwa kuliko yote Uingereza.

Basi siku chache kabla ya Krismasi, Bi Clegg aliingia dukani kwenye kona akiwa amevimba macho.

"Ananihama," akasema. "Enoch. Amestaafu basi, na dada yake Agnes anamtaka Morecambe, huko pwani, kwenye nyumba yake ya wageni. Anaondoka tarehe mosi, treni ya saa sita mchana. Amesema ataingiza mwaka kwanza, asituangushe, kisha aende zake."

Wote wakaanza kusema kwa pamoja. Mwaka kesho utaingizwa na nani? Mmoja akapendekeza mumewe, mwekundu kama karoti, apakwe rangi ya viatu kichwa kizima. Bi Duckworth akamwambia kwa mume yule itabidi wapake na masharubu, nyusi na madoadoa, kopo moja halitatosha. Wakacheka mpaka Bi Clegg naye akacheka. Ada hakucheka. Aliweka kabeji aliyokuwa ameishika, akatoka, na siku hiyo hakuazima kitu kwa mtu yeyote. Watu walianza kumwogopea afya.

Alimpenda, tuseme tu. Alimpenda kwa miaka mingi, kwa ukaidi, na mtu mwenyewe alikuwa nyumba ya kwanza na yeye ya mwisho. Sasa mdomo uliomwomba mchungaji mto wa kanisa, uliomwomba mwenye bucha mizani yake kwa mwisho wa wiki, ukakwama kabisa. Alisimama mbele ya kioo akajaribu. "Bwana Haslam, usiende." Akajiona mjinga. Ukinyimwa sufuria unakwenda mlango wa pili, unacheka, yamekwisha. Akinyimwa Enoch, mlango wa pili hakuna. Ataendelea kuishi mtaa uleule na watu walewale wanaojua kila kitu, nao watamwonea huruma, na Ada Pilling alikuwa tayari kuonewa wivu, hasira na hata kuburutwa polisi, lakini huruma, thubutu!

Kwa hiyo aliamua kufanya hila, maana hila alizizoea.

Tarehe mosi mwaka ule iliangukia Jumapili, na mvua ilikuwa ile ya Lancashire, isiyo kubwa wala isiyo na mpango wa kuacha. Milango yote ilikuwa imefungwa. Watu walikuwa madirishani wamejipanga, wamebana miguu. Wanawake waliofuma pamba masikio yao yalikwishaharibiwa na mitambo, wakajifunza kuzungumza kwa midomo tu, wakiinyoosha na kuikunja ili kila neno lionekane. Kwa hiyo kioo cha dirisha hakikuwazuia kitu. Barabara ilikuwa kimya, lakini umbea ulikuwa unakatiza kutoka dirisha hadi dirisha.

"YUKO WAPI?" Ada aliuliza kwa midomo.

"KATIKATI," Bi Duckworth akajibu kutoka ng'ambo. Upande wake ulikuwa umeshapitiwa kwanza, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwishatoka uani. "KILA MTU ANAMPA MVINYO WA TANGAWIZI. ANATEMBEA KAMA BATA."

"KWA NINI?"

"CHOO, MAMA! KILA AKIINGIA, WENYE NYUMBA WANAMKANYAGA WAKIKIMBILIA UANI. YEYE ANAONA HAYA KUNGOJA ZAMU."

Ada alifikiri kidogo. Hilo hakuwa amelipanga, ila aliliona kama msaada kutoka mbinguni. Yeye mwenyewe hakuwa amenyanyua kikombe tangu jana yake mchana. Akaenda jikoni, akafunga mlango wa nyuma kwa ufunguo, akautumbukiza ufunguo ndani ya blauzi yake, mahali ambapo Enoch Haslam hangethubutu hata kupaangalia.

Hodi ikapigwa. Ada akafungua. Enoch alikuwa amelowa, ana makaa mkono mmoja, mkate na chumvi mwingine, na mstari mweusi wa rangi ya viatu ulikuwa unamteremka shavuni kuelekea kwenye kola.

"Heri ya mwaka mpya, Bi Pilling, na bahati iingie nyumba hii," akasema kwa haraka ambayo haikuwa kawaida yake.

"Na kwako, Bwana Haslam. Karibu jikoni, jiko linawaka."

Akaweka makaa jikoni, akaweka mkate na chumvi mezani. Ada akachukua taulo, na kabla hajafikiria, akamfuta lile shavu. Hakuwa amewahi kumgusa. Enoch akasimama, macho yake yakiangalia ukuta, masikio yamekuwa mekundu. Taulo likawa jeusi. Wote wawili wakalitazama.

"Umande," Ada akasema.

"Ndio. Umande mweusi sana mwaka huu," Enoch akajibu. Ada akataka kucheka, akataka na kulia.

"Kaa unywe kitu."

"Hapana! Yaani, asante. Nimekunywa, nimekunywa sana. Bi Pilling, mimi naomba nipite tu." Alikuwa tayari ameshika kitasa cha mlango wa nyuma, anakitikisa. "Umefungwa."

"Umefungwa, ndio."

"Ufunguo uko wapi?"

"Ufunguo," Ada akasema, akaangalia dari, "nimemwazima mtu."

Enoch akamgeukia taratibu. "Wewe?"

"Mimi."

"Umemwazima mtu kitu. Wewe, Bi Pilling."

"Kwani mimi sina utu?"

Enoch hakumjibu, na alikuwa mtu mpole sana kwa kutomjibu. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, kisha kwa mguu mwingine. "Basi itabidi nitoke mbele."

"Utoke ulikoingilia? Utoke na bahati yangu yote?" Ada akajishika kiuno. "Tena mtaa mzima uko dirishani. Bi Duckworth akikuona unatokea mbele tarehe mosi, atakuvunjia mwavuli kichwani."

"Sasa nifanye nini?"

"Ukae. Hakuna kitu kutoka humu leo. Na nikwambie jambo lingine, Bwana Haslam. Wewe hapa ndipo mwisho wako. Kwa wengine unapita, unawaachia, unaendelea. Kwangu ukitoka huendi nyumba nyingine, unaondoka tu, na bahati inakufuata nyuma kama mbwa. Mwaka juzi ulitoka, nikaanguka ngazini. Mwaka jana ulitoka, bomba la moshi likawaka moto. Mwaka ule mwingine paka wangu akahamia kwa Bi Clegg na hajarudi hadi leo."

"Paka alihamia kwa sababu Bi Clegg anapika samaki."

"Usinibishie ndani ya nyumba yangu."

"Bi Pilling, nina treni saa sita."

"Treni za Jumapili huchelewa."

"Bi Pilling." Sasa alikuwa ameinama kidogo, kashikilia ukingo wa meza, uso umekuwa wa rangi ya maziwa. "Mimi ni mtu mzima. Nimekunywa mvinyo wa tangawizi nyumba zote za mtaa huu. Nakuomba kwa heshima zote, kama Mungu yupo, nitafutie huo ufunguo."

Ada akamtazama. Hila zote alizokuwa amezipanga, na maneno matamu aliyokuwa ameyaweka akiba kwa ajili ya wakati chai itakapokuwa mezani, yakamtoka kichwani. Alimwona huyu mtu mrefu mwenye mvi zilizopakwa dawa ya viatu kwa ajili ya mtaa usiomjua mwezi wa pili, anacheza ngoma katikati ya jiko lake kwa sababu yeye Ada amemfungia kama kuku. Moyo ukamuuma. Na moyo ulipouma, mdomo ukafunguka.

"Ufunguo ninao mimi," akasema. "Nimekufungia makusudi. Sitaki uende Morecambe, Enoch. Dada yako ana wageni wake, mimi sina mtu. Ile ngazi sikuwa na haja nayo hata siku moja. Nilikuwa natafuta sababu ya wewe kuja. Nakutaka hapa, nyumbani kwangu, na sikujua namna ya kusema, kwa hiyo..."

"NIFUNGULIE MLANGO, MAMA!"

Ada akageuka ukutani, akachomoa ufunguo, akafungua. Enoch alimpita kama basi lisilo na breki. Mlango wa choo ukabamizwa kule uani.

Ada alibaki katikati ya jiko. Akaificha mikono chini ya aproni ingawa hapakuwa na wa kuiona. Amesema. Miaka yote ile, halafu amekuja kuyasema kwa mtu aliyebanwa na mkojo. Akasikia mnyororo wa choo ukivutwa, na maji. Akasubiri hatua zije mlangoni. Akasikia mlango wa choo ukifunguliwa, na viatu juu ya mawe, taratibu, vikasimama. Kisha akasikia komeo la geti la uani likiinuliwa, likarudi chini, na viatu vikaenda zake uchochoroni.

"Haya," Ada akajiambia. "Katoka nyuma, kama sheria inavyosema."

Alikaa kwenye kiti cha Bi Duckworth. Alilia kidogo, si sana, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akajiita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Halafu akainuka akaenda chumba cha mbele, kwa sababu Mtaa wa Alma kwa juu umezibwa na ukuta wa kiwanda, na mtu wa kwenda stesheni hana njia ila kupita mbele ya nyumba ya mwisho. Alitaka amwone akipita. Alitaka pia asimwone. Akasimama nyuma ya pazia.

Mvua ilikuwa imekuwa manyunyu. Milango ilikuwa imefunguliwa sasa, wanawake wamesimama vizingitini na chai zao wakingoja kumuaga mtu wao. Bi Duckworth alikuwa kwake ng'ambo, anatazama juu ya mtaa. Akamwona Ada.

"AMETOKA KWA CLEGG," akasema kwa midomo.

Ada akaitikia kwa kichwa kwamba ameona maneno.

"ANA SANDUKU."

Ada akafumba macho. Alipoyafumbua, Bi Duckworth alikuwa bado anaendelea, na uso wake ulikuwa umebadilika, kwa kuwa Bi Duckworth hakuwa mjinga, na alikuwa amemtazama Ada dirishani kwa miaka mingi.

"CLEGG ANALIA. ANAMPA KEKI. ANAKUJA." Kisha akauliza, "WEWE UMEMWAMBIA?"

"NIMEMWAMBIA," midomo ya Ada ikajibu.

"AKASEMAJE?"

"AKASEMA NIMFUNGULIE MLANGO."

Bi Duckworth akajishika mdomo, na Ada hakujua kama anacheka au anasikitika. Ada akaondoka dirishani. Hakutaka kumwona akiinua kofia yake kwa adabu, apite. Alisimama kwenye ukumbi mwembamba nyuma ya mlango wa mbele, mgongo ukiegemea ukuta, akasikiliza viatu vyake vikija juu ya mawe yaliyolowa. Masikio yaliyoharibiwa na mitambo yalivisikia vizuri sana. Watu walimuaga. "Kwaheri, Enoch." "Utupitie mwakani, Enoch." Viatu vikafika mbele ya nyumba ya mwisho, vikasimama.

Mlango ukabishwa.

Ada hakusogea. Mlango ukabishwa tena, kwa nguvu zaidi, akafungua.

Enoch alikuwa amesimama kwenye kizingiti na sanduku mkononi, maji yanachuruzika kwenye ukingo wa kofia. Nyuma yake mtaa mzima ulikuwa umetoka nje, hadi wanaume, hadi Bi Clegg na keki yake. Hakuna aliyejisumbua kujifanya ana shughuli nyingine.

"Umesahau kitu, Bwana Haslam?" Ada akauliza, na sauti ikatoka nyembamba.

"Sikusahau kitu," Enoch akasema. Alikuwa na hasira kidogo, hasira ya mtu mpole asiyejua aiweke wapi. "Bi Pilling, ulichonifanyia si uungwana. Umenifungia ndani, ukangoja mpaka nikawa siwezi kusimama, ndipo ukaniambia maneno ambayo mtu anaambiwa mara moja katika maisha yake, kama anaambiwa. Mimi nilikuwa nasikia maji tu kichwani. Nusu yake sikuyashika."

"Samahani."

"Sitaki samahani. Yaseme tena. Sasa hivi nasikia."

Ada akatazama mtaa. Wanawake wote walikuwa wamekaza macho kwenye midomo yake. Kunong'ona hakukuwa na maana, hata asipotoa sauti kabisa wangesoma kila herufi, na jioni ingekuwa imefika kiwandani, kanisani na kwenye baa. Safari hii hakuificha mikono yake.

"Nilisema sitaki uende," akasema. "Nilisema nakutaka hapa. Kwangu, Enoch. Leo, na kesho, na siku zote. Na ukikataa nitakufa kwa aibu, lakini nimeshasema, basi."

Ng'ambo, Bi Duckworth aligeuka na kumrudia mumewe kila neno kwa mdomo mpana, maana mumewe alikuwa upande mbaya na hakuona.

Enoch alimtazama Ada. Masikio yake yalikuwa mekundu tena.

"Agnes atanichinja," akasema, akafuta viatu, akaingia.